Mwalimu Aliyeandika Mbwa kwenye Rejista

Jina lake silitaji, na si kwamba nimelisahau. Huku kwetu Kibugu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mwalimu, na kama kulikuwa na walimu wengine karibu tulisema Mwalimu wa Ngumbaru, kwa sababu alifundisha sisi watu wazima, wale ambao utotoni tulichunga mbuzi wakati wenzetu wanashika kalamu. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo ataandika mtu mwingine. Mimi nitaandika niliyoyaona, na nikipotea njia kidogo nivumilie. Hata shambani ndivyo ninavyotembea.

Darasa lilikuwa kanisani, mchana, tukishapeleka majani chai kwenye banda la kununulia. Tulifika na vidole vyeusi, maana utomvu wa majani chai ukikuingia kwenye ngozi hautoki kwa sabuni. Mimi nilikuwa nikivificha chini ya meza. Siku ya kwanza akavivuta juu, akavitazama, akasema, "Baba Wawira, wino unao tayari. Sasa uweke kwenye karatasi." Watu wakacheka na mimi nikacheka, na kuanzia siku hiyo sikuficha mkono tena.

Hakuwa na kiboko. Alikuwa na kusimama. Ukikosea anakuja kusimama kando yako, hasemi kitu, anaangalia dirishani kama mtu anayengojea mvua ipungue. Unatoka jasho, unafuta, unaandika upya. Akiridhika anaenda kwa mwingine. Alikuwa na msemo wake mmoja, "Andika kile kiko, si kile ungetaka kiwe," na aliutumia kwa kila kitu, kwa herufi, kwa barua, hata kwa Mama Njeru jirani yangu aliyejaribu kuandika kwamba ana miaka arobaini.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Alitufundisha kuandika barua na yeye mwenyewe hakujibu barua ya mtu. Mwanawe wa Embu mjini aliandika mpaka akachoka, akawa anatuma ujumbe kwa dereva wa lori la chai: mwambieni mama aseme tu kama yuko hai. Kanisani hakujua kuimba na ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Chai yake aliweka sukari vijiko vinne, kisha anakuambia watu wa siku hizi wanapenda sukari. Na akikosea hakuomba msamaha. Aliwahi kunifundisha kuandika jina la mke wangu vibaya, nikaliandika hivyo mwaka mzima, na nilipogundua alisema tu, "Basi sasa unalijua kwa njia mbili."

Na mbwa. Hapo ndipo nilikuwa nakwenda.

Mwalimu, mama huyo, aliogopa mbwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Sijui kilichompata, alikuwa na kovu kwenye shavu la mguu na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwavuli wake aliufungua hata kwenye jua kali, akiushika mbele kama ngao, na kutoka kwake kwenda kanisani alizunguka kwa kijito, nusu saa zaidi, ili asipite kwenye lango langu. Sababu ilikuwa Popi.

Popi alikuwa mbwa wangu mdogo wa rangi ya udongo, sikio moja juu na lingine limelala. Nilimpata kwa mtu wa Runyenjes, tulibadilishana na kuku, na mke wangu alilia kuku huyo siku mbili. Jina alipewa na binti yetu Wawira. Alibwekea lori la chai, alibwekea ndege, alibwekea moshi wa jikoni kwetu, lakini mgeni wa kweli akija alijilaza chini na kutingisha mkia. Mwalimu hakulijua hilo la mwisho kwa sababu hakuwahi kufika karibu kiasi hicho.

Lazima nieleze vile sisi tulivyofuga mbwa, kwa sababu wajukuu wangu wanawaogesha mbwa wao kwa sabuni na hawataelewa. Mbwa alifungwa mchana, alifunguliwa jioni, na ndani ya nyumba hakukanyaga. Paka aliingia ndani kwa ajili ya panya tu. Na watu wa nyumba wakisafiri wote, labda kuna mazishi au arusi, mbwa anafungwa karibu na mlango na hafunguliwi mpaka warudi, ili anayepita ajue boma lina wenyewe. Kwetu huyo alikuwa kufuli ya pili. Kumfungua mbwa wa mtu mwenyewe akiwa hayupo ilikuwa kama kumvunjia mlango.

Sasa ikaja ile mvua. Ilinyesha wiki tatu bila kupumzika. Lori la chai likakwama, majani yakaozea kwenye vikapu. Maji ya chemchemi yakabadilika rangi. Kisha mtu mmoja wa upande wa juu akaona ufa katika shamba lake la chai, akaingiza mguu, ukaingia wote. Kesho yake aliingiza mpini wa jembe, ukapotea. Naibu wa chifu akaja na kipaza sauti: watu wote wa upande wetu wavuke kijito waende kanisani, ng'ambo, kabla ya jioni, na asirudi mtu.

Tulitoka kwa haraka lakini hatukutoka kijinga, ndivyo tulivyodhani. Ng'ombe mbele, mbuzi nyuma yao, kuku kwenye vikapu, mke wangu na cherehani kichwani. Na kila boma likafunga mbwa wake, likafungia paka ndani kulinda mahindi. Mimi nilizidi wenzangu kwa akili. Nilimfunga Popi kwa mnyororo, kisha nikaongeza waya, nikauzungusha mara nyingi kwa koleo ili mwizi asiweze kuufungua. Nikamwekea githeri, mahindi na maharagwe yetu, kwenye kopo. Nilitoka langoni nikijiona mtu mzuri, kwa nyumba na kwa mbwa.

Asubuhi kanisani naibu wa chifu alimpa Mwalimu kazi ya kuandika watu, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Akaketi mezani na ile rejista yetu ya darasa, akaigeuza upande wa nyuma, akaanza.

"Baba Wawira. Watu?"

"Watano."

"Ng'ombe?"

"Mmoja na ndama."

"Paka?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Njeru akauliza kutoka kwenye benchi la nyuma, "Mwalimu, paka naye atapewa blanketi?"

"Sijasema blanketi. Nimeuliza yuko wapi."

"Nimemfungia ndani," nikasema. "Kuna panya."

"Mbwa?"

"Yuko nyumbani. Nimemfunga."

Akaandika. Akaenda hivyo kwa kila boma, naye hakucheka hata mara moja. Alipomaliza alisimama, akasoma kwa ile sauti yake ya kutoa imla, polepole. "Mbwa kumi na mmoja wamefungwa. Paka sita wamefungiwa. Wote chini ya ufa." Akavua miwani. "Nani aliwafunga?"

Mvua tu kwenye mabati.

"Nauliza kwa sababu mtu akifungwa hawezi kukimbia. Hilo tu. Nani anakwenda?"

Wanaume tukaanza kuangalia paa la kanisa kama tunahesabu mabati. Mama Njeru ndiye aliyejibu. "Wangu usimguse. Ukimfungua, mwizi akija, utabweka wewe?"

Watu wakacheka tena. Mwalimu akasema, "Nitabweka."

Akaifunga rejista ndani ya mfuko wa nailoni, akavaa gambuti zake za mpira, akachukua mwavuli. Naibu wa chifu, aliyekuwa kijana ambaye mama yake alisoma na sisi, akasimama mlangoni. "Mwalimu, nimesema hakuna anayerudi."

"Niandikie hilo kwenye karatasi, nilisome vizuri."

Yule kijana akaanza kujipapasa mifuko akitafuta kalamu. Alipoipata Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye kijito.

Mke wangu akanigusa na kiwiko. "Baba Wawira, huyo mama anaogopa hata mbwa wa kwenye kalenda. Anakwenda peke yake?"

Nilikwenda kwa ajili ya maneno hayo. Sikwenda kwa sababu ya Popi, wala kwa ushujaa. Nilikwenda kwa aibu, na koleo ilikuwa bado mfukoni.

Tulifanya kazi hivi. Yeye anasimama langoni, mwavuli mbele, anaongea na mbwa kwa Kiembu cha heshima, kama mtu aliyekuja kwa wakwe: habari ya hapa, tumekuja kwa amani, hatutakaa. Mbwa anashangaa, ananyamaza kumsikiliza, na mimi napita ubavuni nakata kamba. Wengine walikimbia moja kwa moja mpaka ng'ambo. Wengine wakaamua kutufuata. Tulipofika boma la tano Mwalimu alikuwa anatembea katikati ya mbwa wanne, mabega juu, hapindi shingo, kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

"Wako wapi sasa?" ananiuliza.

"Mmoja yuko nyuma yako."

"Usiniambie yuko nyuma. Niambie ameenda."

Kwa paka tulifungua madirisha tu, wakajitokea wenyewe. Isipokuwa paka wa Mama Njeru, aliyekaa juu ya gunia akatuangalia kama sisi ndio wezi. Huyo tulimtia kwenye kiondo, tukafunga mdomo wa kiondo kwa leso, na mikono yangu ikachanika mpaka kwenye kiwiko. Mbwa wa Mama Njeru tulimfungua pia. Mwalimu hakusita hata kidogo.

Boma langu lilikuwa la mwisho, juu kabisa. Tulipokaribia niliona mistari ya chai imepinda, ile ambayo baba yangu aliinyoosha kwa kamba. Chini ya ardhi kulikuwa na sauti, kama lori linalopanda mlima likiwa na gia nzito. Nikatangulia. Njia inapinda kwenye ua wa miti, kwa hiyo mimi niliona boma na Mwalimu alikuwa bado haoni.

Ufa ulikuwa umepita kati ya lango na jiko. Na Popi alikuwa amesimama juu ya kibanda chake, ameloa mpaka amekuwa nusu yake, waya umemkaba shingo kwa sababu alikuwa amezunguka nguzo. Hakubweka. Alinitazama tu. Yeye aliyebwekea moshi.

Nikasema, "Hayuko, Mwalimu. Amechomoka. Turudi."

Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema. Nilikuwa namwona, nikasema hayuko. Niliangalia ule ufa nikawaza watoto wangu watano, hapana, watatu, watano ni pamoja na mimi na mama yao, unaona hata sasa nikikumbuka hesabu inanitoka. Niliwaza mbwa ni mbwa.

Nyuma yangu nikasikia Mwalimu akisema, "Mungu asante." Nikasikia gambuti zake zikiteremka hatua mbili tatu. Kisha zikanyamaza. Kisha zikapanda tena, zikanipita, na akatokea pale kwenye kona, akamwona.

Hakunigombeza. Alisema, "Uko na ile koleo?"

Tukaruka ufa. Popi alikuwa amepagawa, nilipogusa waya alinirukia mkono mimi mwenyewe, bwana wake. Mwalimu akautupa mwavuli. Akalifungua koti lake kubwa, akamkumbatia Popi kichwa ndani ya kifua, akafumba macho kabisa, akaanza kusema kwa sauti, "A. E. I. O. U." Mara ya pili, mara ya tatu, kama tulivyosema darasani. Na mimi nazungusha waya, nazungusha, nikijilaani kwa kuufunga vizuri hivyo.

"Baba Wawira."

"Naam."

"Amenikojolea?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maliza."

Waya ukaachia, mnyororo ukaanguka. Popi hakungoja, alipita kati ya miguu yetu akashuka mlima, na sisi nyuma yake, na sitasema nani alitangulia kati ya mimi na mama mzee. Tulikuwa tumeshavuka kijito niliposikia. Si kelele kubwa kama unavyodhani. Ni kama mtu anavuta gunia zito sakafuni, kwa muda mrefu. Nilipogeuka jiko langu halikuwepo, ghala halikuwepo, kibanda cha mbwa hakikuwepo, na chai ya upande wa juu ilikuwa inateremka ikiwa bado imesimama kwenye mistari. Nyumba kubwa ilibaki, ngazi ya mlangoni ikining'inia hewani. Mabomba mengine mawili ya jirani, nisamehe, maboma, yalikwenda yote, la Mama Njeru likasalia. Mtu hakuumia hata mmoja. Mnyama pia.

Kanisani shida ikawa nyingine. Mzee mmoja wa kanisa alisimama mlangoni akasema hajawahi kuona mbwa katika nyumba ya Mungu na hataona leo. Mwalimu, amelowa, ananuka, akafungua rejista. Akaita, "Popi!"

Akanitazama mimi.

"Popi wa Baba Wawira! Yuko au hayuko?"

"Yuko, Mwalimu," nikasema.

Akatia alama. "Simba wa Mama Njeru?" Mama Njeru alikuwa amenuna, lakini kwa Mwalimu mtu hujibu tu. "Yuko." Akaita wote, kumi na mmoja, na sisi watu wazima tunaitikia kwa niaba ya mbwa, mpaka yule mzee wa kanisa akashika tumbo akicheka, akasema basi walale kwenye kibanda cha kwaya, lakini wasiimbe.

Tulikaa pale wiki mbili. Kila boma lilitenga konzi moja ya githeri kwa mnyama wake, agizo la Mwalimu, na jioni aliita majina. Yeye mwenyewe alipanda juu ya meza kila mbwa walipopita. Watoto walifurahi sana zile wiki mbili, na nikisema ukweli hata mimi. Nilikuwa sina ghala na nilicheka kila siku.

Si yote yalikwenda vizuri. Simba wa Mama Njeru alikula kuku wawili wa mchungaji. Na mwizi alikuja kweli, akavunja dirisha la Mama Njeru, akabeba redio. Hilo lilikuwa jambo kubwa, redio ilikuwa ya marehemu mumewe. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi makwetu akamkabili Mwalimu nje ya kanisa, watu wote wapo.

"Ulisema nini siku ile? Ulisema utabweka. Redio yangu iko wapi?"

Mwalimu akamtazama. Akampa mtu Biblia yake amshikie. Akasimama wima kama anayesoma somo la kwanza, akasema, "Hau." Akangoja kidogo. "Hau, hau."

Hakutabasamu. Alikuwa anatimiza neno lake. Mama Njeru alijaribu kukaa na hasira yake, mashavu yakajaa, akashindwa, akashika nguzo ya lango akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Baada ya hapo hao wawili walikuwa kama dada. Redio haikupatikana.

Mimi nilijenga upya chini zaidi. Chai ilipandwa tena, inachumwa mpaka leo. Popi aliishi miaka mingi, akawa kiziwi, akabwekea vitu asivyovisikia. Sikumfunga tena kwa chochote, na wengi wa upande wetu vilevile, hata mtu akisafiri. Hakuna aliyetuamuru.

Lakini lile neno "hayuko" lilinikaa. Mwalimu hakulitaja, mimi sikulitaja. Nilimaliza darasa, nikapewa karatasi ya kuhitimu, akanishika mkono, na nilijua moyoni kwamba huyu anajua mimi ni mtu wa namna gani.

Mwaka jana nilikwenda Embu mjini kupimwa macho. Nikapita kwa mwana wa Mwalimu, ambako Mwalimu anaishi siku hizi kwa sababu miguu imechoka. Nilimkuta barazani kwenye kiti, amekuwa mdogo sana, na jibwa kubwa jeusi limelala juu ya miguu yake.

"Si wangu," akasema kabla sijamsalimia. "Ni wa mwanangu. Simpendi." Mkono wake ulikuwa shingoni mwa mbwa.

Tukaletewa chai. Tukaongea habari za Kibugu, nani amezeeka, nani ameoa mara ya pili bila haya. Kisha nikaona nisipolisema leo sitalisema.

"Mwalimu, siku ile ya ufa. Kwangu. Nilisema Popi hayuko."

"Ulisema."

"Nilikuwa namwona."

"Najua."

"Ulimsikia akilia?"

"Sikusikia kitu." Akanywa chai. "Baba Wawira, wewe uliposema hayuko mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikamshukuru Mungu, mtu mzima mimi. Nikageuka nikaanza kushuka. Nilidhani unanifuata. Nikaangalia nyuma, wewe uko pale pale. Umesimama na koleo mkononi, hivi." Akakunja ngumi yake ndogo akainyoosha mbele. "Nikasema, mtu ambaye mbwa wake hayuko angekuwa ameshanipita. Huyu haondoki. Basi na mimi nitaondoka vipi?"

Miaka yote hiyo nilidhani yeye ndiye aliyenirudisha.

"Ungegeuka hatua moja," akasema, "tungekuwa wote tumeenda."

Akacheka, na mimi nikacheka, tukashindwa kunyamaza, hata mwanawe akatoka ndani kuuliza kuna nini. Tulikunywa chai yote iliyokuwa kwenye chupa. Nilipoinuka nikajua atataka kunisindikiza mpaka barabarani, ndivyo alivyokuwa, hakuwahi kuacha mgeni aende peke yake. Lakini alinipa mkono akiwa ameketi.

"Utanisamehe," akasema, akionyesha chini kwa kidevu. "Siwezi kusimama. Amelala."